Msitu Hauna Mistari

Sindano ya kisomaudongo ilizama mita tatu ardhini bila kelele, ikatulia kidogo, kisha ikatoka na uzi wa udongo mwembamba kuliko penseli. Mashine yenyewe ilikuwa na miguu sita na kimo cha mbuzi. Iliuvuta uzi ule mpaka tumboni, ikasimama kimya kwenye ukungu. Wajitolea ishirini na wanne wenye vizibao vya kijani waliizunguka, wakisubiri kuambiwa walikuwa wamesimama juu ya nini.

"Miaka hamsini iliyopita," sauti ya mashine ikasema kwenye vinong'ono, vile vipande vidogo walivyopachikwa masikioni siku ya kwanza ya kambi, "hapa palikuwa na miti ya mruka na mringaringa, na vichaka vya masale. Miaka mia mbili iliyopita palikuwa na mruka, mringaringa na masale. Miaka mia tatu, vivyo hivyo. Huu ni msitu wa asili. Karibuni tuurudishe."

Watu wakapiga makofi. Ndeshimuni Mmari hakupiga, maana mtu hajipigii makofi, lakini alijisikia vizuri mpaka akaona aibu. Kisomaudongo kilikuwa kazi ya mikono yake. Kila mmea unaochanua huacha chavua, na chavua ikifukiwa hukaa udongoni karne nyingi bila kuoza. Yeye na wenzake watano, katika maabara moja huko Dodoma, walitumia miaka tisa kuifundisha mashine kusoma chavua hiyo kama mtu anavyosoma kitabu kutoka ukurasa wa mwisho kwenda wa kwanza. Sasa visomaudongo elfu kumi na moja vilikuwa kazini katika nchi sita, na kokote vilikokwenda mabishano yaliishia njiani, kwa sababu mashine ilikuwa imekwisha kusema.

Hakuwa amewahi kuona hata kimoja kikitembea mlimani. Ndiyo maana alichukua likizo, akajiandikisha kama mwananchi yeyote kwa wiki mbili katika kambi ya Kilimanjaro, mlima ambao theluji yake watoto wa siku hizi huiona kwenye picha tu. Hakumwambia mtu yeye ni nani.

Ukweli ni kwamba wajitolea hawakuhitajika. Vipanzi, zile mashine za kupanda, vilitia ardhini miche elfu nne kwa siku bila kudai chai. Lakini Sheria ya Urejeshaji ilitaka mche mmoja katika kila ishirini upandwe na mkono wa mtu, ili wananchi waone kuwa msitu ni wao. Mtu aliruhusiwa kujitolea kuanzia miaka kumi na minane mpaka anapotimiza sabini. Nje ya hapo, hakuna aliyeruhusiwa kuvuka uzio. Ukitaka kuingia msituni uvae kizibao, na ukitaka kizibao ubebe jembe.

Ndeshi alipangiwa kufanya kazi na mama mmoja mrefu, mkavu, ambaye kizibao chake kilikuwa na kiraka begani.

"Shimboni, Mae," Ndeshi akamwamkia kwa heshima ya mama, kwa Kichagga chake cha Desemba, kile cha kutumia wiki mbili kwa mwaka.

"Shimboni. Wewe wa wapi?"

"Kwetu Kibosho, ila nimezaliwa Dodoma."

"Basi wewe ni wa Dodoma," mama akasema, akajitwika kikapu cha miche. "Mimi Kaanaeli Urio. Usiponiweza jina niite Mae hivyohivyo."

Ilikuwa kambi yake ya kumi na sita. Ndeshi alipouliza kama anapenda sana miti, mama alimtazama kwa mshangao, akajibu kwamba hajawahi kuulizwa hivyo.

Walipanda asubuhi nzima. Mama Kaanaeli hakutazama anapokanyaga. Mahali fulani, katikati ya majani marefu, aliinua mguu juu kidogo akaushusha mbele, kikapu kikiwa kichwani, bila kutazama chini. Ndeshi aliyekuwa nyuma yake hakuinua mguu, akatumbukia mpaka magotini. Ulikuwa mfongo wa zamani, mfereji wa maji uliochimbwa na watu, sasa umefunikwa na nyasi. Alitoka akiwa na matope hadi magotini, na moyoni ana swali ambalo hakutaka kuliuliza.

Saa saba walikaa kula makande. Hapo ndipo vinong'ono vikasema tena.

"Taarifa ya kitalu cha kumi na nne. Masale sabini na mawili yamejipanga katika mistari. Msitu hauna mistari. Kesho saa mbili asubuhi masale haya yang'olewe na kutawanywa. Kazi hii ni ya mkono. Ndeshimuni na Kaanaeli, asanteni kwa kujitolea."

Kijiko cha mama kiliishia hewani. Akakirudisha kwenye bakuli, akaliweka bakuli chini, akafuta mikono kwenye kanga yake taratibu sana.

"Mae, vipi?"

"Hapa ni kwangu," mama akasema. "Ulipoangukia pale ni mfongo wa baba mkwe. Hayo masale ya upande wa chini ni mpaka wetu na akina Tarimo. Ya juu kule yanazunguka makaburi. Mume wangu Eliaichi yupo pale. Na mtoto wetu, Aikaeli. Alikuwa na miaka sita."

Kumbe palikuwa kihamba. Kihamba si shamba tu. Ni mahali ambapo Mchagga hulima migomba chini ya miti aliyoachiwa na babu yake, hujenga hapo, huzaa hapo, na akifa huzikwa hapo, na sale hupandwa kuonyesha alipolala. Hata Mchagga wa Dodoma anajua hilo.

"Nani alisema ni msitu?" Ndeshi aliuliza, ingawa alijua.

"Mashine. Kabla ya hii kulikuja nyingine kama hii, ikatia sindano, ikasema msitu wa asili uliovamiwa. Tukapelekwa tambarare. Sikuiita mwongo. Miti si ilikuwepo? Baba mkwe alitulisha viapo tusikate mruka hata mmoja." Mama akaonyesha kwa kidevu ng'ambo ya uzio, ambako paa la bati liling'aa. "Tarimo alikata yote. Hakubakiza hata wa kivuli. Mashine ikapita kwake, ikakuta udongo wa juu hauna alama ya mti, ikasema shamba. Yeye yupo mpaka leo, ana baa."

"Na wewe unakuja kujitolea."

"Nitaingiaje sasa? Mara mbili kwa mwaka navaa kijani, napanda miche yao, nikipita pale nawasalimia. Novemba natimiza sabini. Hii ndiyo ya mwisho. Nilijua hivyo, nikasema basi, masale yatabaki yakiwalinda." Akachukua bakuli lake, akalitazama, akalirudisha tena chini. "Kumbe hata hayo."

Ndeshi aliondoka pale akajifanya anakwenda kunawa. Alikuwa anakumbuka siku moja katika mwaka wa nne wa kuifundisha mashine. Siku hizo ilikuwa ikimuuliza maswali mia nane kwa siku, naye akijibu huku anakunywa kahawa. Sale ni mmea wa asili wa mlima huu? Alijibu ndiyo, na ni kweli, sale ni mmea wa asili. Mashine haikuuliza ni nani huupanda, kwa kuwa haikufundishwa kuuliza. Na migomba haikuonekana kabisa, kwani mgomba wa kulimwa hupandwa kwa chipukizi na kwa kawaida hauachi chavua. Miaka mia tatu ya ndizi, moshi wa jikoni na vilio vya watoto ilikuwa imepita kwenye sindano yake bila kusomeka hata neno. Waliotunza miti ndio waliohukumiwa kuwa wavamizi.

Kisomaudongo kilikuwa kimesimama chini ya mringaringa. Alikiinamia, akasema kwa ile sauti ya kukifundisha aliyoizoea zamani:

"Sahihisho. Masale ya kitalu cha kumi na nne yalipandwa na watu."

"Asante kwa sahihisho," kikajibu. "Mmea uliopandwa na watu si sehemu ya msitu wa asili. Masale sabini na mawili yataondolewa kitaluni kabisa. Je, niendelee?"

"Hapana. Futa. Futa sahihisho."

"Limefutwa. Masale yatatawanywa kama ilivyopangwa."

Akaenda kwa kiongozi wa kambi, Bwana Shemdoe, mtu mpole kutoka Lushoto aliyependa kila mtu ale ashibe. Alimweleza yote, hata jina lake na kazi yake. Shemdoe alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Daktari, nakuheshimu. Lakini hii si mashine yako tena. Ile uliyoifundisha ilifundisha nyingine, hiyo nyingine ikafundisha hii. Ni kizazi cha nne. Na muda wa watu kukata rufaa ulifungwa miaka sita iliyopita."

"Andika kwamba kitalu hiki ni kihamba. Wewe ndiye kiongozi."

"Nikiandika hicho, nitaulizwa kuhusu vitalu vingine kumi na tatu."

"Si uviandike."

"Unadhani sijafikiria hilo?" Shemdoe akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na ukali. "Mimi nimekaa hapa miaka mitano. Kila kambi wanakuja wazee wa aina hiyo. Nawapangia vitalu vyao makusudi. Ndicho ninachoweza. Baraza la Urejeshaji likijua, hata hicho kitakwisha."

Ndeshi aliandika barua kwa Baraza la Urejeshaji, kurasa nne, akaitia sahihi kwa vyeo vyake vyote. Jibu lilifika kabla chai yake haijapoa. Barua yako imepokelewa na itasomwa kwa zamu. Mbele yake zipo barua elfu thelathini na moja. Alilisoma mara mbili, akaacha chai.

Asubuhi mama Kaanaeli alimkuta amekwishafika kwenye kitalu, amesimama na jani la sale lililofungwa fundo. Ndeshi alilishika kwa mikono miwili, akapiga goti kwenye umande.

"Mae, ile mashine niliifundisha mimi. Iliniuliza kuhusu sale nikaijibu nusu. Na nilijua. Sale liko juu ya kaburi la babu yangu, naliona kila Desemba."

Mama alilitazama lile jani. Mchagga akiletewa sale hakatai. Hata aliyeuliwa ndugu hulipokea, akakaa, mazungumzo yakaanza. Lilikuwepo kabla ya mahakama na halijawahi kuwekewa muda wa rufaa.

"Umelikata wapi?"

"Pale juu."

"Kwa Eliaichi," mama akasema. "Umekuja kuniomba msamaha kwa jani la mume wangu."

Ndeshi akainamisha kichwa. Alitamani atukanwe, ingekuwa nafuu. Mama akanyoosha mkono, akalichukua lile jani, akalichomeka kwenye mfuko wa kizibao.

"Nimepokea. Sijasema nimesamehe. Sasa inuka, saa mbili imefika."

Wakang'oa. Masale yana mizizi myepesi, hayamgombezi mtu. Ya mpakani yalitoka upesi, yale ya juu mama aliyang'oa mwenyewe, moja moja, akitaja jina kwa sauti ndogo kila alipovuta. Wakayatawanya bondeni, moja hapa, mawili kule, bila mpango. Kufikia saa nne hakukuwa na mstari wowote. Mteremko ulikuwa mteremko tu, na Ndeshi aliyekuwa ameyaona makaburi saa mbili tu zilizopita hakuweza tena kuyaonyesha kwa kidole.

"Kazi nzuri," kinong'ono kikasema. "Kitalu cha kumi na nne kimefikia uasilia wa asilimia tisini na nane."

Mama Kaanaeli alikichomoa chake sikioni, akakitia mfukoni pamoja na jani. Akamwonyesha Ndeshi naye atoe. Kisha akamshika kiwiko, akamwongoza hadi kwenye jiwe kubwa lenye tumbo lililobonyea, jiwe ambalo watu walinolea mapanga mpaka likalika katikati. Vipanzi havikuweza kulisogeza.

"Hapa. Tazama mringaringa ule wenye kovu. Hatua ishirini na tatu kuuelekea. Za kwangu, si zako, wewe mfupi. Halafu kushoto tisa. Hapo ni Eliaichi, kichwa kimeelekea mlimani. Shuka mbili. Hapo ni mtoto. Sema."

"Ishirini na tatu kuelekea mringaringa. Kushoto tisa, Eliaichi. Kushuka mbili, Aikaeli."

"Tembea."

Ndeshi akatembea. Alikosea, akarudishwa. Akatembea tena.

"Usiandike popote," mama akasema. "Ukiandika itasomwa. Mimi watanizika kule tambarare, safu ya makaburi wataijua wao. Utakuja kuwaambia hawa nimelala wapi, wasinisubiri."

"Nitakuja, Mae."

"Kambi inapokea watu mpaka sabini. Una miaka mingapi?"

"Arobaini na mmoja."

Mama alihesabu kimya, midomo ikicheza.

"Ishirini na tisa," akasema. "Haya, anza tena kwenye jiwe."