Yai la Kumi na Mbili

Somoe alikuwa na kuku mmoja. Kuku huyo alikuwa ameatamia mayai kumi na mawili ndani ya tenga, nyuma ya jiko.

Nyumba ya pili alihamia mtoto mgeni, Zamda. Zamda alikuwa kiziwi. Hakusikia kwa masikio, na alizungumza kwa mikono.

Kila asubuhi Zamda alikuja pale kwenye tenga. Aliingiza kiganja chini ya kuku, akatulia tuli.

Kuku huyo mkali, wala hakumdonoa!

Somoe akakaza macho. "Mh! Huyu ana jambo lake."

Somoe akahesabu mayai. Yalikuwa kumi na mawili. Akahesabu tena. Yalikuwa yale yale.

Kesho yake Zamda akaja tena. Kiganja chini ya kuku, tuli.

"Mh! Huyu ana jambo lake," akasema Somoe. "Mama, atayaiba mayai yangu!"

"Umemwona akiiba?" akauliza Mama.

"Bado."

Siku ikafika. Kwa! Kwa! Kwa! Mayai yakapasuka. Wakatoka vifaranga kumi na mmoja. Chwi, chwi, chwi!

Yai moja likabaki kimya.

Mama akaliweka sikioni. Chwi, chwi, chwi! Kelele tupu za vifaranga.

"Hili viza, mwanangu," akasema Mama. "Halina kitu ndani. Katupe."

Maskini Somoe! Akalibeba yai lake, machozi yakimlengalenga.

Mara, nyaku! Zamda kalichukua!

"Mwizi!" akapiga kelele Somoe. "Mama, mwizi wa mayai!"

Zamda hakukimbia. Aliliweka yai kwenye kiganja cha Somoe. Akalifunika kwa kiganja chake.

Somoe akanuna. "Mh! Huyu ana..."

Tk.

Kitu kiligonga kiganjani mwake. Tk. Tk.

"Mama! Yumo! Anagonga!"

Mbio mbio, yai likarudi chini ya kuku.

Jioni, kwa! Kifaranga akatoa kichwa. Amelowa chepechepe, amenuna kweli kweli.

Zamda akacheka. Somoe naye akacheka, kisha akaona aibu.

Wakati wa kulala, Somoe akasema, "Mama, nilimwita mwizi. Lakini hakusikia."

"Uso wako aliuona," akasema Mama.

Somoe akajifunika shuka.

"Mama, kwa mikono, 'nisamehe' inasemwaje?"

"Hata mimi sijui, mwanangu. Kesho tumwombe Zamda atufundishe."

Somoe akatoa mikono yake nje ya shuka. Akaitazama, mpaka usingizi ukamchukua.