Kupalilia kwa Vidole

Kila siku alipotoka shule, Scola alivua sare, akala kiporo cha ugali wa muhogo, akachukua jembe nyuma ya mlango na kuaga. Na kila siku Bibi Leonia, aliyekaa barazani kwao Ujiji akichambua mchicha kwa kupapasa, alimwagiza jambo lilelile.

"Niletee jani."

Macho ya Bibi yalikuwa yameingia ukungu tangu mwaka juzi, akawa haoni zaidi ya mwanga wa mlangoni. Shamba lake la maharage katika bonde la Luiche alilijua sasa kwa jani moja tu aliloletewa jioni. Alilipapasa, akalinusa, akasema, "Hili lina kiu," au "Hili limeshiba." Mama yake Scola alikuwa Kasulu akihangaika na kazi, kwa hiyo kupalilia kulimwangukia Scola peke yake. Alikuwa na miaka kumi na mitatu na nguvu za kutosha kushika jembe, ila uvivu wake nao haukuwa mdogo.

Siku ya kwanza ya kupalilia alifika njia panda, akamkuta rafiki yake Agnesi na wenzake wanacheza rede. Akasema atacheza mara moja tu. Jua lilipoanza kuteremka ndipo alipokumbuka jani. Shamba la jirani, Mzee Adolf, lilikuwa pale kando ya njia, safi kama limefagiliwa. Scola akachuma jani moja, akarudi nyumbani.

"Hili limeshiba," Bibi alisema baada ya kulipapasa. "Leo umepalilia upande gani?"

"Upande wa mfereji, Bibi."

Ulikuwa uongo mwepesi, na wepesi wake ndio uliomponza. Kesho yake jani lilitoka tena kwa Mzee Adolf, na keshokutwa vilevile. Wiki tatu zilipita, rede ikichezwa na magugu yakiota.

Jumamosi moja akaja Bi Dunia, ambaye nyumba yake ilikuwa imeingiliwa na maji ziwa lilipopanda. Watoto wake walikuwa wanalala kwa watu. Bibi Leonia alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita mjukuu wake.

"Scola, toa lile gunia la maharage, mpe mama yako Dunia."

"Lote, Bibi?"

"Ego, lote. Letu liko shambani. Si wewe unayeniletea majani?"

Scola alilitazama gunia. Neno moja tu lingetosha. Hakulisema. Alilikokota gunia hadi nje, akamtwisha Bi Dunia, naye Bi Dunia akamshukuru kwa machozi, na kila shukrani ilimchoma. Jikoni walibaki na unga kidogo wa muhogo na viganja viwili vya dagaa.

Bi Dunia alipoondoka tu, Scola alichukua jembe akakimbia Luiche bila kupita njia panda. Alipofika aliona aibu hata kuingia. Gugu la kishona nguo lilikuwa limemfika magotini, na katikati yake maharage yamekonda, yamepauka, yanahangaika kutoa maua meupe.

Akaanza kulima kama mwenye wazimu. Alimaliza tuta moja, akageuka kutazama kazi yake, moyo ukampasuka. Kila alipopita, maua yalikuwa chini, na mizizi mingine ya maharage imetoka juu. Ndipo alipokumbuka alichoambiwa na Bibi tangu yu mdogo, kwamba maharage yakishatoa maua jembe halikaribii. Ukilima unayadondosha, na ua likidondoka hakuna punje.

Alikaa chini akalia. Akiyaacha magugu, maharage yatakufa. Akiyalima, maua yatakwisha. Na gunia halipo tena. Aliwaza kupanda boti la Kagunga aende kwa shangazi asirudi, lakini akilini akamwona Bibi barazani akingoja jani la jioni, akaghairi.

Mwishowe alikwenda kwa mjomba wake Bonifasi, mtoto wa Bibi, aliyekuwa amerudi kutoka kuuza dagaa Kibirizi.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Mbona uso umekuvimba?"

Scola alimweleza, lakini si yote. Alisema magugu yalizidi, kisha akamwomba amwambie Bibi kwamba wadudu wameshambulia shamba. Mjomba Bonifasi aliweka kapu lake chini.

"Kwa hiyo unataka tumdanganye wawili," alisema. "Peke yako umechoka. Haya, nipeleke kwanza nilione."

Shambani, Mjomba aliokota jembe la Scola akaliweka pembeni, akachuchumaa. Alishika gugu moja chini kabisa, karibu na udongo, akalivuta polepole. Likatoka na mzizi wake, na ua la haragwe lililokuwa kando halikutikisika.

"Nilipokuwa Msumbiji nilifanya kazi kwenye mpunga, Zambezia," alisema. "Kule Kireno kina maneno mawili. Wakikuambia *sachar*, unachukua jembe. Wakikuambia *mondar*, unaliweka jembe chini, unainama, unang'oa kwa vidole. Nililijua neno hilo kwa mgongo kabla ya kulijua kwa kichwa."

"Ndiyo kupalilia?"

"Kwa Wareno, ndiyo. Lakini tulikuwa na fundi wa mifereji, Mhispania. Yeye alisema kwao *mondar* ni kumenya chungwa, au kuzoa tope mferejini. Tulibishana naye wiki nzima, mpaka padri mmoja akatucheka. Akasema neno ni moja, wote wamelirithi kutoka Kilatini, na huko mwanzo lilikuwa na maana ya kusafisha tu. Ndiyo maana hata mwalimu akiondoa makosa kwenye insha, Mreno anaweza kulitumia." Akasimama, akajipangusa mikono. "Hii kazi inawezekana, Scola. Ila mimi sigusi gugu la pili kabla hujamwambia mama yangu ukweli. Wote."

Ilikuwa njia fupi kurudi nyumbani, na Scola aliiona ndefu kuliko zote. Bibi alisikia hatua zake, akanyoosha kiganja.

"Leo sina jani, Bibi," Scola alisema. "Na yale mengine hayakuwa ya kwetu. Nilichuma kwa Mzee Adolf. Shamba sijalipalilia hata siku moja."

Bibi Leonia hakufoka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mkono wake ulibaki hewani, kisha ukashuka mapajani.

"Na nimetoa gunia," alisema taratibu.

"Ndiyo, Bibi."

"Maua?"

"Yapo. Nimeharibu tuta moja kwa jembe. Mjomba anasema magugu yaliyobaki tuyang'oe kwa mkono."

Bibi aliusogeza mchicha pembeni. Kisha akapapasa ukutani, akashika fimbo yake.

"Nipeleke."

"Bibi, huoni."

"Kishona nguo kina shina la pembe nne. Haragwe ni la mviringo. Tangu lini vidole vikahitaji macho?"

Siku nane walikuwa Luiche, Mjomba akija na Bibi mchana, Scola na Agnesi wakija baada ya shule. Bibi alikaa katikati ya matuta, akisogea kwa makalio, vidole vyake vikichagua gugu na kuliacha haragwe, kwa kasi ambayo Scola mwenye macho mawili hakuifikia. Vidole vya Scola vilitoka malengelenge, na kila mara alipotaka kupumzika alimtazama Bibi akaona haya.

Siku ya mwisho Bibi alimwita akae kando yake.

"Sikukasirikia magugu," alisema. "Nilipokuwa na umri wako mimi pia nilitoroka jembe. Lakini mimi sina macho, Scola, nimekuchukua wewe uwe macho yangu. Ukivivia kazi, tunapata hasara tunaifidia. Ukinidanganya, natoa gunia na kuahidi watu nikiwa gizani. Shamba likiwa baya, niambie ni baya, tutajua la kufanya."

"Nimesikia, Bibi. Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Maliza tuta lako."

Walikula mlo mmoja kwa siku mpaka mavuno, na mavuno yenyewe hayakuwa ya kujivunia. Mzee Adolf alipata magunia matatu. Wao walipura, wakapepeta, Scola akamimina maharage kwenye debe, Bibi akiwa amesimama nyuma yake anasikiliza punje zikianguka.

"Limejaa?" Bibi aliuliza.

Scola alitazama ndani ya debe. Alitamani sana kusema ndiyo.

"Halijajaa, Bibi. Limefika nusu."

Bibi Leonia aliweka mkono juu ya kichwa cha mjukuu wake.

"Nusu," alisema. "Haya. Leo nimeona."