Mwanga Upande wa Pili wa Rejeta

Wenzangu walipanda gari la kazini saa kumi na mbili kasoro, mimi nikabaki machimboni na buldoza. Injini ilikuwa ikichemka kupita kiasi tangu asubuhi, na vumbi la kokoto lilikuwa limeganda kwenye rejeta kama uji uliolala. Nikangoja ipoe, nikatia ufunguo mfukoni, nikaanza kupiga maji taratibu kutoka upande wa feni.

Kidole kimoja hakivunji chawa, na kazi hii ni ya wawili. Mmoja anaosha, mwingine anasimama mbele na kumulika tochi. Mwanga ukipenya, pamesafika. Mimi na mwenzangu, tuliyemwita Kobe kwa ule mwendo wake, tuliifanya miaka kumi na moja tukitaniana. Mwezi uliopita tulimzika. Aliugua siku nne tu, nami sikwenda kumwona hata mara moja. Nilisingizia kazi. Tangu hapo nakula peke yangu.

Nikaosha kwa kubahatisha.

Mwanga ukapenya.

Mwembamba, wa manjano. Nikadhani ni jua la jioni. Lakini ukatambaa... ukashuka... ukatulia penye matope. Nikapiga maji pale. Ukahama. Nikasikia harufu ya dawa ya kuchua, ile aliyokuwa akijipaka mgongoni.

"Nani?"

Maji yakadondoka. Tone... tone...

"Kona ya chini bado, mzee," sauti ikanong'ona.

Nilitamani kukimbia, nikatamani zaidi kubaki.

"Nisamehe, ndugu yangu. Sikuja kukuona."

"Osha kwanza."

Nikaosha huku nalia, mpaka mwanga ukajaa kila tundu. Kisha ukazimika. Msamaha hakunipa. Nikazunguka mbio nimshike mkono, aniambie neno moja tu.

Hakukuwa na pa kusimama.

Kwa kuwa sina tena wa kunimulikia, jioni ile nilikuwa nimeiegesha buldoza pua ikigusa mwamba. Hata kiganja kisingepita.

Asubuhi msimamizi aliisifu kazi, akasema amenipatia msaidizi.

"Usisumbuke, bosi," nikamwambia. "Tunatosha."