Kihenge cha Chupa

Ndugu zangu mliozoea kusema ya jirani hayanihusu, sogeeni karibu. Haya ni ya jirani kweli, lakini kabla sijafika mwisho baadhi yenu mtaangalia pembeni, maana mzigo wa namna hii mnao darini mpaka leo.

Asubuhi moja ya mwezi wa sita, katika kijiji kilicho nje kidogo ya Sumbawanga, njia ya kwenda Kaengesa, Avelina alitoka ndani amejifunga vitenge viwili kwa ajili ya baridi. Kabla hata ya kuwasha moto alizunguka nyuma ya nyumba, akakigonga kihenge ubavuni kwa ngumi. Kikaitika kwa sauti nzito, sauti ya kitu kilichoshiba. Alifanya hivyo kila siku tangu wavune, kama mama yake alivyokuwa akifanya. Humo ndani mlikuwa na gunia thelathini za mahindi, yamekauka vizuri, yameinuliwa juu ya nguzo, yamefunikwa paa la nyasi. Kilikuwa chakula cha watu watano: yeye, mumewe Valerian, mama mkwe wake Bibi Dominika, na watoto wawili, Zenon na Monika. Kingebaki na cha kuuza Januari, bei inapokuwa nzuri. Avelina alirudi jikoni ameridhika.

Mchana wa siku hiyo Valerian akarudi kutoka kwenye mkutano wa kata, tena mapema, kabla ya wenzake wote.

"Mama Zenon," alisema hata kabla ya kukaa, "umaskini umekwisha."

Akaeleza. Kuanzia mwezi unaofuata, kila atakayenunua maji au soda ya chupa ya plastiki ataongeza shilingi hamsini za rehani. Akirudisha chupa tupu, anarudishiwa hamsini yake.

"Kama zile chupa za kioo za zamani?" Avelina aliuliza. "Ulikuwa huondoki na soda mpaka uache chupa nyingine."

"Kama zile. Ila hizi zimezagaa kila mahali, mke wangu! Stendi, uwanja wa mpira, kwenye mitaro. Hela imelala chini na watu wanaikanyaga."

"Na mkutano umekwisha saa hizi?"

"Nimewaacha wanapiga kelele. Ya maana nimeshayasikia."

Kelele zilikuwepo kweli. Kristiana, mwenyekiti wa jumuiya yao, alimsimulia Avelina kesho yake kisimani. Mmoja alisimama akasema hela yake inakopwa bila yeye kuulizwa. Mwingine akasema yeye soda anakunywa Krismasi tu, kwa nini asumbuliwe. Nestory mwenye duka aliuliza uchafu wote huo ataulaza wapi, kitandani kwake? Dada aliyeleta habari kutoka mjini, Hellena, alijibu moja moja mpaka sauti ikamkauka. Alipoinua chupa juu ili aeleze jambo la mwisho, karibu watu wote walikuwa wameshanyanyuka.

"Jambo gani hilo la mwisho?" Avelina akauliza.

"Sikulisikia, mwenzangu. Nilikuwa nimeacha maharage motoni."

Yawekeni moyoni maharage hayo, tutayarudia.

Wiki hiyo Valerian alianza kubeba chupa kwa viroba. Alizikusanya kwenye harusi, akazinunua kwa waokotaji wa stendi ya Sumbawanga, akaagiza nyingine kutoka Kasanga, kwa watu wanaoshusha mizigo ya meli. Chumba kikajaa, banda la mbuzi likajaa. Ndipo siku moja akasimama mbele ya kihenge, mikono kiunoni, na Avelina akamwona.

"Baba Zenon, usiniambie."

"Sikiliza kwanza. Mahindi mwezi huu wa saba yanauzwaje? Bei ya kutupa. Januari je? Mara mbili, mara tatu. Kila kinachovunwa kina msimu wake. Chupa nazo wameanza na hamsini, sasa ngoja wakose chupa uone kama hawatapandisha. Sisi tutakuwa tumekaa nazo."

"Chupa hailiwi."

"Chupa haina fukusi. Akiba haiozi, mama."

Bibi Dominika alikuwa akiota jua ukutani. Akasema, "Valerian, kihenge hicho baba yako alikijenga kwa ajili ya ulezi na mahindi. Ukikitia takataka kitakununia."

Valerian alicheka. Ni mtu wa kucheka, hapigi, halewi, na hapo ndipo ugumu ulipo, maana mlevi ungemshitaki kwa paroko. Aliuza gunia ishirini na mbili kwa bei ileile aliyoiita ya kutupa, hela ikaenda kwenye chupa. Gunia nane zilizobaki akazipanga chini kwenye kibanda cha jiko, juu ya udongo, akazifunika turubai; kwanza wangekula ulezi uliokuwa ndani.

Kisha ikaja kazi ya kuosha. Mnunuzi wa mahindi, alisema Valerian, anataka mahindi yaliyopepetwa, hataki makapi. Kwa hiyo kila chupa ioshwe na ile karatasi yake ya jina ibanduliwe, ing'ae. Nanyi mnaoijua baridi ya Ufipa ya mwezi wa saba mtaelewa maji ya karai yalikuwaje. Avelina na Monika walikaa uani jioni kwa jioni wakibandua lebo, vidole vikapasuka, lebo zikachomwa moto. Ndani ya kihenge chupa kubwa zilienda chini, ndogo juu. Alipokigonga asubuhi kilijibu kwa mchakacho, na Avelina akaacha kukigonga.

Kijiji kilicheka wiki mbili tu, ya tatu kikaiga. Valerian aliwaambia wazi dukani, "Msirudishe chupa, subirini bei." Basi watu wakafungia chupa zao uvunguni na darini. Na wakati huohuo, kila waliponunua soda na kutoa ile hamsini, walilalamika hadi mishipa ya shingo ikawatoka: wizi huu! Wanatula! Mpango wa kuwakamua wanyonge! Hebu niambieni, nani amekuibia wewe, na chupa umeilalia mwenyewe? Ukiacha rehani usifuate, ukamwita mwenye duka mwizi, huo ni ukorofi tu, ndugu yangu, wala usiutafutie jina lingine.

Mwezi wa kumi chumvi iliisha, Avelina hakuwa na senti. Akatoa chupa ishirini kihengeni bila kumwambia mtu, akazipeleka kwa Nestory.

Nestory akazigeuzageuza. "Shemeji, lebo zake ziko wapi?"

"Tumezibandua. Zilikuwa chafu."

"Alama ya rehani si iko kwenye lebo? Ile ya kijani. Bila hiyo sizipokei, maana nami kule mjini hawatazipokea kwangu. Hellena alituonyesha siku ile ya mkutano."

Avelina alirudi mbio. Valerian alikuwa akinoa jembe, na alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa.

"Nestory huyo," akasema, "anataka uone hazina thamani umwachie bure, kisha aziuze mwenyewe."

"Twende basi mjini tukaulize wenyewe. Leo. Ni mwendo wa asubuhi moja tu."

"Nikaulize nini? Nionekane mjinga? Chupa ni chupa."

"Kama ni kweli, Baba Zenon, bado tuna muda. Tuzitoe, mahindi yarudi juu kabla ya mvua."

"Mama Zenon, nimesema."

Avelina alitamani kupiga kelele. Alikwenda kumwona Kristiana, Kristiana akaahidi kuongea na wanaume wa jumuiya, na wanaume wa jumuiya wakasema Valerian ni mtu wa akili, asisumbuliwe. Wengi wao walikuwa wameshabandua lebo zao.

Mvua ya mwezi wa kumi na moja haikungoja bei. Ilinyesha siku nne, maji yakapita chini ya turubai, na Avelina alipofungua gunia la kwanza alikuta mahindi ya moto, yamebadilika rangi, yana kuvu ya kijani. La pili vivyo hivyo. Gunia moja tu lililokuwa juu kabisa ndilo lililopona.

"Yaanikwe," alisema Valerian kwa sauti ndogo. "Yatasagwa tu."

"Hayasagwi." Avelina alisimama mlangoni. "Watoto wangu hawali sumukuvu. Mama yako hali sumukuvu. Ukitaka kusaga, usage ule peke yako mbele yangu nikuone."

Alichimba shimo mwenyewe akayamwaga humo yote, gunia saba. Alilia wakati akifukia, na hakuona haya kulia.

Januari wakawa wanakula mara moja kwa siku, uji wa ulezi mwepesi. Bibi Dominika alisema hana njaa, akampa Monika bakuli lake, na kila mtu alijua anadanganya. Hapo ndipo Valerian alipofunga ng'ombe kwenye mkokoteni, akarundika chupa mpaka juu, akafunga kamba. Avelina akapanda.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Kusikia kwa masikio yangu."

Kwenye kituo cha kurudishia chupa, Sumbawanga, walimkuta Hellena. Valerian alishusha kiroba cha kwanza kwa fahari.

"Lebo ziko wapi, baba?" Hellena aliuliza.

"Nimezisafisha, binti. Angalia zinavyong'aa."

"Bila lebo siwezi kujua kama chupa hii ililipiwa rehani au iliokotwa mtaroni tangu mwaka juzi. Rehani hairudishwi kwa chupa isiyo na alama." Alikuwa amechoka, na ilionekana alikwisha kuyasema maneno hayo mara nyingi asubuhi hiyo.

"Mlitakiwa kutuambia!"

"Niliwaambia. Nilikuja kwenu mwezi wa sita, nikainua chupa juu hivi, nikasema lebo isibanduliwe. Waliokuwa wamebaki ni wanne."

"Na bei haitapanda?"

"Ipande ya nini, baba? Ni hela yako mwenyewe uliyoiacha. Unarudishiwa uliyoiacha."

Valerian akaanza kukifunga tena kile kiroba. Avelina akatazama vidole vyake, nyufa za mwezi wa saba bado zilikuwepo. Mikono yake ndiyo iliyobandua. Hasira ilimpanda kwa mumewe, kwa Kristiana na maharage yake, kwa kijiji kizima, na kwake mwenyewe, kwamba mwezi wa kumi alikuwa na jibu mkononi na hakuja mjini peke yake kwa miguu.

Hellena aliwaonea huruma, akazipima chupa kama plastiki ya kawaida. Uzito wa chupa tupu mnaujua. Mzigo ule wote uliwapa mahindi debe moja.

Mwezi wa pili kaka yake Avelina, Teodori, alipata habari huko kijijini kwake Kate, akaja na gunia tatu kwenye fuso. Hakusema mengi. Alisimama uani akauliza, "Shemeji, niyamwage wapi?"

Valerian alipanda ngazi ya kihenge. Alizitupa nje chupa zilizobaki kwa mikono yake, moja moja na kwa makumi, zikajaa uani zikigongana, na majirani wakaja kusimama kando ya ua. Alifagia kihenge ndani. Kisha akawapa mgongo wote, akashika gunia upande mmoja na Teodori upande wa pili.

Jumapili, baada ya sala ya jumuiya, aliomba kusema. Hakuna aliyemlazimisha, na lazima nimpe heshima yake kwa hilo.

"Nilitoka mkutanoni kabla haujaisha," alisema. "Nikawadanganya na ninyi. Chupa zenu zenye lebo zirudisheni leo, hela ni yenu. Nestory hakuwa mwizi. Nestory, nisamehe."

Nestory akaitikia kwa kichwa. Avelina akafikiri labda sasa yamekwisha. Ndipo akasikia Alphonce, jirani wa ukuta mmoja, akimnong'oneza mwenzake.

"Huyu wameshampa chake. Sasa wanataka tuzitoe bure, wao wapandishe. Mimi zangu sizitoi."

"Hata mimi," akajibu mwenzake.

Avelina hakugeuka. Alitembea hadi nyumbani, akazunguka nyuma, akakigonga kihenge ubavuni pale alipozoea. Kikalia kitupu. Akainama akagonga chini zaidi, bado kitupu. Ilimbidi apige magoti kwenye tope ndipo akapata mahali penye ile sauti nzito.

FUNZO

Ndugu zangu, mpango ule haukumfukarisha Valerian. Alifukarishwa na miguu yake iliyoondoka kabla ya neno la mwisho, na ulimi wake uliomwita mwizi mtu aliyesema kweli. Mkiitwa mkutanoni kaeni mpaka mwisho, maharage yaipueni kabla ya kutoka nyumbani. Msiloelewa ulizeni, kuuliza si ujinga. Rehani ni hela yako: ukirudisha chupa unaipata, ukiificha umejiibia, na usimlilie mtu. Na kihenge, jamani, ni cha chakula. Mwenye kutoa chakula ndani ili aingize tamaa, atakuja kuomba gunia kwa shemeji.

Nawe uliyeangalia pembeni tangu mwanzo, panda darini ukaangalie. Zina lebo?