Bolti Mbili za Mashine ya Baba

Kila alipotoka shule, Alima alipitia kwanza karakana ya baba yake, mzee Aiuba, fundi wa kuchomelea vyuma hapo Palma, kaskazini mwa Msumbiji. Mashine ilikuwa ikivuma taratibu, mmmm, naye akisikia hivyo roho yake hutulia.

Siku hiyo mashine haikuvuma. Ilinguruma na kutetemeka hadi makopo yakacheza mezani. Baba aliizima, akaketi chini kama aliyefiwa.

"Jana jioni niliiangusha nikiihamisha," alimwambia mkewe, Zubeida. "Nimeiua kwa mikono yangu. Tangu habari za gesi iliyopatikana huku zienee, kila mtu anajenga na anataka madirisha, nami sina mashine! Sina budi kurudi mjini Pemba kwa bosi wangu wa zamani."

Alima aliyasikia yote. Baba akienda Pemba, wangemwona Idi hadi Idi.

Tena alijua jambo ambalo baba hakulijua. Jana hiyo hiyo, alipokuwa akijiandaa kwenda pwani kutanda uduvi kwa kitambaa na wenzake, alikosa chubwi za kuzamisha ukingo wa kitambaa chake. Aliona bolti mbili nene kwenye mashine. Hazikushika waya wowote, zimekaa tu. Mjanja huyo akazifungua, akazifunga kwenye kitambaa chake!

Angeweza kunyamaza, maana hakuna aliyemwona. Lakini alimpenda baba yake kuliko alivyoogopa fimbo. Alikimbia uani, akafungua mafundo ya kitambaa kwa meno, akarudi na zile bolti huku analia.

"Baba, hukuiua wewe. Ni mimi."

"Mtoto huyu!" mama alifoka.

"Mwache, mama Alima." Baba alizirudisha bolti, akazikaza, akawasha. Mmmm. Alicheka hadi machozi yakamtoka, kisha akauweka mkono wa binti yake juu ya kifuniko.

"Unahisi? Ndani mna mabamba membamba ya chuma. Umeme ukipita, yanakuwa sumaku, yanaacha, yanakuwa tena, mara mia kwa sekunde moja. Kila mara chuma hujinyoosha na kujirudi, kidogo mno hata jicho halioni. Bolti hizi huyabana yasigongane."

"Kumbe zilikuwa na kazi!"

"Kubwa. Usidharau kitu kwa kuwa kimekaa kimya."

Baba aliokota vipande viwili vya nondo, akavichomelea vipete vya kupitishia uzi, akavipoza kwenye ndoo ya maji.

"Chubwi zako hizi. Siku nyingine omba, mwanangu. Na ukikosea, sema upesi kama leo. Mficha maradhi kilio humfichua. Wewe hukuficha, na ndiyo maana kesho nitakula uduvi wako hapa hapa nyumbani."