Mgeni Asiyekula

Mvua ya Tarime haipigi hodi. Siku ile ya soko ilishuka saa nane mchana, na kabla mtu hajasema ala, wauza nyanya walikuwa wanakimbia na matenga kichwani, na turubai la kibanda cha vitenge lilikuwa linapaa huku mwenye kibanda akining'inia kwenye kona. Mwikwabe alikuwa anapita tu, ametumwa spoku za pikipiki. Alilidaka turubai, akafunga fundo, akafunga la pili. Alipoinuka, maji yakimchuruzika puani, alikuta anatazamwa na msichana mrefu, mweusi wa kung'aa, gauni la kitenge limemkaa utadhani alishonewa akiwa ndani yake.

"Asante, mura. Mafundo hayo umefundishwa wapi?"

"Jeshini."

"Basi afande, vua hilo shati. Ukifa kwa homa nitaitwa polisi mimi."

"Nivue hapa sokoni?"

"Si nauza vitenge? Jifunge kimoja. Chukua hiki cha maua, kinakupendeza."

Mwikwabe akacheka. Hakuwa amecheka tangu aache jeshi, miaka miwili sasa, na kicheko chake mwenyewe kilimshtua.

Msichana aliitwa Tabitha. Hakuwa mtu wa kuandika ujumbe. Alipiga simu, tena Mwikwabe akiwa gereji, mikono imejaa oili.

"Afande, umekula?"

"Bado, nafunga injini ya watu."

"Injini itakuoa?"

"Wewe utanioa?"

"Una ng'ombe wa kunitoa kwetu Nyarero? Usidhani nitakuja bure."

"Nitaiba."

"Siku hizi wanafungwa, mpenzi wangu. Fanya kazi."

Mwezi wa pili wa kujuana kwao, kwenye kibanda cha chipsi karibu na stendi, wakila sahani moja, Tabitha akatoa simu amwonyeshe watu wa kwao. Mama huyu hapa. Yule ng'ombe wetu mkorofi huyu hapa.

"Na huyu ni kaka yangu, Magige. Alikufa nje ya nchi, kwenye ulinzi wa amani. Adui walimpiga risasi."

Mwikwabe aliitazama picha: kombati, mwanya, sikio moja limekunjwa na kofia. Kambini walimwita kwa jina la baba yake, Machage, na vitanda vyao vilipakana. Mwikwabe alimjua vizuri. Ndiye aliyemuua.

Ilikuwa alfajiri ya ukungu, yeye yuko lindoni. Doria ikarudi kwa njia isiyokuwa yake. Akauliza nani, hakusikia jibu, akafyatua mara mbili. Wakubwa wakasema ni ajali. Barua iliyofuatana na jeneza ikasema ni adui. Mwikwabe akaacha jeshi, na kwa kina Machage hakwenda kutoa pole.

Sasa, mtoto yeyote wa Kikurya aliyekulia kwenye mji wenye wazee anafundishwa hili mapema: aliyemwaga damu hali chungu kimoja na ndugu wa damu hiyo mpaka wazee wamsafishe. Akila, anawaingizia kifo nyumbani. Mwikwabe alikuwa na chipsi mdomoni. Akazitema kwenye kiganja.

"Zina nini?" Tabitha akauliza.

"Chumvi," akasema.

Mwenye akili angesema palepale, au angepotea mjini asionekane tena. Yeye hakufanya hata moja. Alimpenda yule msichana, na alimwogopa. Kila Tabitha alipofika gereji na hotpoti, Mwikwabe alikuwa na sababu: tumbo, mfungo, ameshiba. Aliona aibu kwa kila uongo na bado akatunga mwingine. Wiki ya tatu Tabitha akalipuka mbele ya mafundi wote.

"Nyama ya mbuzi nimepika mwenyewe, na mchuzi mchungu wa kichuri nimetia! Wenzako wameramba vidole. Wewe unaogopa limbwata?"

"Siogopi, mpenzi."

"Basi onja kijiko kimoja."

Hakuonja.

"Mama ananiuliza huyo mchumba ana nini, chakula chetu kina sumu? Nimjibu nini?"

"Mwambie anisubiri kidogo. Kuna jambo..."

"Jambo gani? Sema!"

Mafundi waliacha spana wakasikiliza. Mwikwabe akarudi kuinamia injini.

"Sawa," Tabitha akasema, akabeba hotpoti yake. "Mimi siolewi na mtu anayeniona mchawi."

Tangu siku hiyo simu yake iliita bila kupokelewa. Mara mbili Mwikwabe alikwenda sokoni amwambie ukweli, na mara zote mbili aliishia kwa wauza nyanya, akarudi na nyanya asizozihitaji.

Ndipo akaja Emanuel, mtengeneza filamu kutoka Mwanza, akitafuta askari waliowahi kuwa kwenye misheni ile. Alikuwa anaandaa filamu ya kifo cha Machage, maana fununu za ajali zilishaanza kuvuja. Mwikwabe akakubali kuhojiwa akiwa ameipa kamera mgongo, bila jina. Alizungumza saa nzima. Alichoshindwa kumwambia mtu mmoja anayempenda, alikiambia chombo. Akajidanganya kwamba kabla filamu haijatoka atakuwa ameshamwona Tabitha. Miezi mitatu ikapita hivyohivyo.

Filamu ilionyeshwa Jumamosi mchana, kwenye ukumbi mmoja pale mjini, mapazia yamefungwa, picha ikitupwa ukutani. Mama Magige alikaa mstari wa mbele na kitambaa cheusi kichwani, binti yake pembeni. Mwikwabe alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango.

"Nilisikia hatua," sauti ikasema kutoka ukutani. "Nikauliza nani."

Wengine waliona mgongo wa mtu tu. Tabitha alikuwa amelala na sauti ile sikioni miezi miwili. Aligeuka kwenye kiti, akatafuta, akamwona.

Alimkuta nje, juani.

"Ni wewe."

"Ni mimi."

"Ulijua lini?"

"Siku ile ya chipsi."

"Kwa hiyo hukula kwa sababu hiyo. Nami nikakutukana."

"Nilikuwa nawalinda."

"Ulikuwa unajilinda! Ungeniambia, ningelia, ningekupiga, lakini ningeambiwa na wewe. Umemwacha mama yangu aambiwe na ukuta, Mwikwabe. Ukuta!"

Mwikwabe aliyastahili maneno hayo, na alijua anayastahili.

Wiki tatu baadaye simu ikaita.

"Umekula?" Sauti ilikuwa ya Tabitha, imechoka.

"Sijui. Nadhani."

"Nimekukumbuka na nimekuchukia, vyote siku moja. Mama anakuita Nyarero. Njoo na wazee wa kwenu."

Walikwenda. Asubuhi wazee wa pande zote mbili walimaliza kazi yao: mbuzi akachinjwa, maneno yakasemwa, mwiko ukaondolewa. Kisha wakatoka uani, na Mwikwabe akaitwa ndani peke yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa." Mbele yake palikuwa na ugali wa mtama na nyama, umefunikwa. "Sasa unaruhusiwa kula hapa. Lakini nisikilize kwanza. Tabitha anasema bado anakupenda. Siwazuii. Lete ng'ombe, nitapokea. Ila mkwe ni mkwe, mila unazijua. Hutakula mbele yangu. Sitakutazama usoni. Ukipita huku, mimi nitapita kule, mpaka nizikwe."

"Najua, mama."

"Nami nataka kujua mwanangu alisema nini. Filamu yenu ilikatia alipoanguka. Halafu? Alimwita nani? Nataka kuuliza leo, na mwakani niulize tena, maana uzee unasahau. Mkwe siwezi kumuuliza hayo. Mtoto naweza." Akafunua sahani. "Ukila mbele ya macho yangu, umekuwa mtoto wangu. Na mtoto wangu haoi dada yake. Chagua, mura. Sitakukasirikia."

Tabitha alikuwa mlangoni, gauni la buluu, nywele amesuka upya. Mwikwabe alijua zimesukwa kwa ajili yake. Moyo ulimuuma kweli. Maneno ya mwisho ya Magige alikuwa nayo yote, kila neno, na mwenye haki ya maneno hayo alikuwa amekaa mbele yake akisubiri.

"Tabitha," akaita.

"Usiniulize mimi," Tabitha akasema. "Nikikukataza, mama atakuwa amenyang'anywa mtoto mara ya pili. Nami nataka kukukataza."

Mwikwabe akanyoosha mikono yote miwili, ishara ya mtu anayeomba maji.

Tabitha alileta jagi na beseni, akapiga goti. Maji yalimwagika mengine nje ya beseni, na machozi hakuyafuta.

"Nawa, kaka," akasema.

Mwikwabe akanawa. Akamega tonge, akalimeza. Kisha akamgeukia mama, akaanza kumsimulia asubuhi ile tangu mwanzo.