Amina Zote Zile, na Hakuna Aliyekuja

"Ndugu wengine wa mgonjwa wako wapi?"

"Ni mimi tu."

"Dada, nakuuliza vizuri. Damu haijakata na akiba yetu imekwisha. Wengine wako wapi?"

Nesi alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha kujifungulia, aproni yake ya plastiki imelowa damu mpaka magotini. Damu ya mdogo wangu hiyo!

Hapohapo simu ikatetemeka mkononi. Nikajua ni msaada...

Nikasoma.

"Kengele ametoka kwenye kundi."

Jamani!

Nimetoka kutuma ujumbe kwenye kundi la maombi la kwaya kwamba mdogo wangu anakufa. Na mtu ninayeimba naye bega kwa bega kila Jumapili, jibu lake ni kutoka kwenye kundi?

Kisha simu ikazima. Chaji kwisha.

Ngojeni niwarudishe nyuma kidogo, msije mkamhukumu mtu bure. Au mhukumuni tu. Mimi nilishamhukumu, nikamfunga na ufunguo nikautupa.

Mimi ni fundi cherehani. Kanisani ni katibu wa kwaya, na kundi la maombi la kwenye simu nalisimamia mimi. Anayeingia najua, anayetoka najua.

Na lile kundi lina utaratibu. Niliuweka mimi, baada ya watu kuanza kuingia kama wanaingia gengeni.

"Niombeeni tumbo."

Ndiyo nini? Hata hodi hakuna!

Basi nikasema: wapendwa, ujumbe uanze na salamu. Baada ya salamu, neno. Baada ya neno, shukrani. Ndipo ulete ombi lako. Na kila anayesoma aandike Amina, tujue ameomba.

Watu wakanipongeza. Kundi likawa na heshima, hata mchungaji akalisifu.

Asiyependa alikuwa mmoja tu. Kengele.

Mama huyu ana bucha barabara ya nyuma ya kanisa. Tunamwita Kengele kwa sababu akinong'ona, mtaa wa pili unajibu. Siku moja baada ya mazoezi niliombwa nifunge kwa sala. Nikafunga. Nikaombea kwaya, nikaombea wazee, wagonjwa, wasafiri, wajane, viongozi...

Niliposema Amina, Kengele akafumbua macho.

"Katibu, sala yako imeanza nyama yangu ikiwa imeganda. Sasa hivi itakuwa imeyeyuka inanuka!"

Kwaya nzima ikacheka. Hata mchungaji nilimwona akigeukia ukutani, mabega yanatikisika.

Mimi sikucheka.

Toka siku hiyo nikawa sinunui nyama kwake. Yeye naye akaacha kuniwekea mifupa ya supu. Kwenye kwaya tunasimama pamoja, tunaimba upendo, tukimaliza kila mtu anaangalia upande wake.

Sasa turudi hospitali.

Mdogo wangu ndiye ndugu pekee niliyebaki naye. Mama alipofariki huyu alikuwa bado ananyonya kidole. Nimemlea mimi, nimemfunga kitenge mgongoni huku nashona. Siku ile uchungu ulimshika asubuhi. Mumewe ni dereva wa malori ya mbali, yuko njiani ambako simu haishiki.

Mchana mtoto akazaliwa. Nikasikia kilio chake nikiwa kwenye benchi la nje, nikapiga haleluya mpaka mlinzi akanitazama.

Sijafunga mdomo, manesi wakaanza kukimbia.

Unajua mbio za nesi? Nesi hakimbii hovyo. Ukimwona anakimbia, tumbo lako lenyewe linajua.

"Anavuja sana. Tunataka damu, grupu O. Nani atatoa?"

"Mimi! Nitoeni yote!"

Maabara wakanichoma kidole, wakapima, wakatazamana.

"Dada, wewe mwenyewe unahitaji kuongezewa."

Nikawaza, Mungu, huu ni utani?

Nikampigia kiongozi wa kwaya. Inaita, inaita, haipokelewi. Yule ni seremala, mashine ikiwa inanguruma hata parapanda ya mwisho hataisikia. Nikampigia mchungaji. Hapatikani, alikuwa amekwenda mazishini mbali. Chaji inaelekea kuisha. Nikawaza, nikiendelea kupiga mmojammoja simu itakufa na mdogo wangu naye. Bora niandike kwenye kundi, wasome wote kwa pamoja.

Nikaandika. Nikaandika vizuri, kama katibu.

Nikatuma.

Sekunde haikupita!

"Amina."

"Amina mtumishi."

"Amina na iwe hivyo."

"Amina" na mikono ya kuomba. "Amina" na maua. Zinamiminika!

Nikashusha pumzi. Kundi langu hilo! Nikakaa nikitazama geti, nikingoja waanze kuingia.

Hakuna aliyeingia.

Amina zinaingia, watu hawaingii.

Ndipo nesi akatoka na ile aproni, na Kengele akatoka kwenye kundi, na simu ikazima.

Sasa niwaambie ukweli, nyie wenzangu wa imani. Sikukaa kimya kama watakatifu wa kwenye picha. Kukaa nilishindwa. Nilitembea ile korido kutoka benchi hadi ndoo ya kudekia, kutoka ndoo hadi benchi. Mgonjwa mmoja wa mguu akaniambia, "Mama, unanizungusha kichwa." Nikaendelea kutembea.

Nikaanza kuomba. Nikaanza na salamu na sifa, kama nilivyozoea...

Maneno yakakwama.

Nikajaribu neno. Halikuja. Andiko la kutoogopa ninalowaandikia wenzangu kila wiki, siku ile sikulikumbuka hata mwanzo wake. Nilikuwa naogopa! Nilikuwa na hasira na kwaya, na Kengele, na mume wa mdogo wangu, na Mungu pia.

"Mungu, mtu! Niletee mtu!"

Basi. Ndiyo sala yote. Fupi kuliko zote nilizowahi kuomba, na hata Amina sikuweka.

Nikasikia zogo getini.

"Mama, huwezi kuingia hivyo!"

"Nitaingia! Unataka kunizuia na nini, hicho kifimbo?"

Sauti hiyo...

Naijua sauti hiyo!

Akatokea Kengele. Amevaa koti lake jeupe la buchani, limejaa damu ya ng'ombe kifuani mpaka chini. Wagonjwa wakampisha njia. Nesi mmoja akamkimbilia na kiti cha magurudumu.

"Mama, umeumia wapi?"

"Sijaumia! Hii ni nyama! Maabara iko wapi?"

Moyoni nikasema, Mungu, nimeomba mtu. Lakini huyu?

Nilisema hivyo kweli. Mdogo wangu anakata roho, na mimi bado nachagua!

Nyuma yake wakaingia watu. Mama mmoja ana kikapu chenye vitunguu. Mwanamume wa makamo kwenye ovaroli ya gereji. Mzee mmoja wa kofia, si wa kanisa letu wala wa dini yetu, ameshika mfuko wake wa maini.

Sikumjua hata mmoja wao.

"Hawa ni nani?" nikauliza.

"Foleni yangu," Kengele akajibu. "Nilikuwa nawakatia nyama. Nikaweka kisu chini, nikawaambia leo hakuna nyama mpaka tutoke hospitali kutoa damu. Wengine wamekimbia. Hawa wamekuja."

Mzee wa kofia akatabasamu. "Hakutuuliza, binti yangu. Alitufungia bucha tukiwa ndani."

Wakaingia maabara. Mzee akarudishwa kwa ajili ya umri, akaudhika kabisa, akakaa nje akitoa dua yake kimyakimya, maini mapajani. Mama wa vitunguu damu yake ilikuwa grupu nyingine, lakini akatoa, wakasema itamfaa mwingine. Fundi wa gereji, grupu O. Kengele, grupu O.

Damu ikapimwa upesi. Nikaiona ikipita mbele yangu mikononi mwa nesi, naye anakimbia tena.

Halafu tukangoja.

Kengele akaja kukaa kwenye benchi langu, pamba imebanwa kwenye mkono. Hakusema kitu. Kengele, akiwa kimya! Nikasogea kidogo apate nafasi.

Jua lilikuwa limefika kwenye madirisha ya upande wa pili mlango ulipofunguliwa. Yuleyule nesi, sasa na aproni safi.

"Damu imekata. Anauliza dada yake yuko wapi."

Nililia. Sijui niseme nini zaidi. Nililia na kamasi zikatoka, na Kengele akanifuta kwa pindo la lile koti la nyama, na sikujali.

Nilipomwona mdogo wangu na mtoto wake, na kuhakikisha kifua kinapanda na kushuka, nikarudi koridoni. Lile jambo lilikuwa bado linanichoma.

"Kengele, nikuulize. Mbona ulitoka kwenye kundi?"

"Ningefanyaje? Nilikuwa nataka kupigia watu, simu inalia tu Amina, Amina, Amina! Nikatoka kwanza, nipate nafasi ya kupiga. Wewe nikakupigia, hupatikani."

"Lakini wote walisoma! Wote waliandika Amina! Mbona umekuja wewe tu?"

Kengele akanitazama kwa huruma, kama mtu anayetazama mtoto aliyevaa viatu kinyume.

"Katibu, hakuna aliyesoma."

"Nini?"

"Chaji simu yako uone."

Nesi akaniazima chaja. Simu ikawaka. Nikafungua kundi, nikapanda juu ya zile Amina, nikapanda, nikapanda, mpaka nikaufikia ujumbe wangu.

Jamani, wasomaji wangu... huu hapa:

"Bwana asifiwe sana wapendwa katika Kristo. Nawasalimu nyote kwa jina lipitalo majina yote. Neno la Mungu latutia moyo tusiogope wakati wa taabu, kwa maana yeye yu pamoja nasi. Tunamshukuru kwa uzima, na kwa kumjalia mdogo wangu mtoto salama... Soma zaidi."

Soma zaidi!

Ile damu, na grupu O, na jina la hospitali, na "njooni sasa hivi", vyote vilikuwa huko chini. Ili uvione lazima ubonyeze.

Watu walikuwa kazini. Wakaona salamu, wakaona neno, wakaona mtoto kazaliwa salama. Wakafurahi. Wakaandika Amina kama katibu alivyowafundisha.

Na katikati ya Amina zile kulikuwa na ujumbe wa Kengele, kwa herufi kubwa: "SOMENI MPAKA MWISHO!!!"

Unajua walimjibu nini?

"Amina."

Nikakaa.

"Sasa wewe," nikamwambia, "wewe usiyependa hata salamu ndefu, ilikuwaje ukasoma mpaka mwisho?"

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Kengele akaona aibu. Akachezea ile pamba.

"Nikwambie ukweli?"

"Niambie."

"Tangu tugombane, nasoma kila unachoandika. Neno kwa neno, mpaka nukta. Natafuta mahali uliponisema."

...

Nilicheka mpaka mgonjwa wa mguu akaita nesi.

Ndugu zangu, fikirini. Wanaonipenda waliniamini, kwa hiyo hawakusoma. Aliyenikasirikia ndiye aliyesoma mpaka mwisho. Ule ugomvi wetu, kile kinyongo kilichokuwa kinatunyima amani kanisani, Mungu alikiokota akakitumia kumfikisha mtu maabara.

Sisemi tuweke vinyongo. Hapana! Nasema Mungu hashindwi na kitu. Nilikuwa natembea koridoni nikidhani ameninyamazia, kumbe aliyetumwa alikuwa ameshafunga bucha na yuko njiani na foleni yake yote.

Jioni ile mwenzenu nilibadilisha utaratibu. Ombi linakaa mstari wa kwanza. Salamu zitafuata, Mungu hana haraka na salamu. Na ukiandika Amina, chini yake andika utafanya nini. Kama huwezi kitu, sema huwezi, tukuombee na wewe.

Wewe unayesoma hapa na una shida, na umezungukwa na watu wanaokuitikia tu, usikate tamaa. Mwambie Mungu kwa ufupi. Halafu angalia mlango, na ukimwona anayeingia siye uliyemtaka, mpishe aingie.

Kengele nikamrudisha kwenye kundi. Kesho yake asubuhi akaandika ujumbe wake wa kwanza, bila hodi wala salamu:

"Mkono uliotolewa damu unauma, siwezi kuinua mlango wa bucha."

Amina zikaanza kumiminika, mazoea yana tabu.

Yangu haikuwemo. Nilikuwa naishuka ile barabara ya nyuma ya kanisa, na kwa mbali nilishamwona amesimama mbele ya bucha, ananipungia ule mkono mzima.